Kitableti cha mzee kimefunguka, fundi wa sokoni Mtwara
Jamani ile Samsung Galaxy Tab 4 ya mzee ilikua imejiloki tangu msimu wa korosho, patani ya kufungulia kaisahau na wajukuu wamebahatisha weee mpaka basi. Fundi wa kwanza alitaka elfu arobaini, eti abadilishe bodi, nikasepa zangu. Huyu wa pili kibanda chake kiko sokoni hapa Mtwara mjini, kwanza akachomoa memori kadi ili picha zisalimike, akaizima, akabonyeza pawa na voliumu ya juu na homu kwa pamoja, ikaja menyu, akafuta vyote. Kitableti chenyewe kinatumia Android 4.4, na hiyo ukishafuta haidai akaunti ya zamani ya Google, mambo hayo yalianza Android 5.1. Dakika kumi tu, buku tano. Ila foleni yake sasa, na moshi wa pweza wa jirani, mmh