Snapseed kwa picha za pwani ya Bagamoyo: nzuri, mradi mkono utulie

Bahari ya Bagamoyo si ya buluu kama ile ya kwenye mabango ya watalii. Mto Ruvu unamwaga maji yake kaskazini ya mji, unakuja na udongo wake, na maji yakipwa unabaki mchanga wa kijivu unaong'aa hadi kule zilikolala mashua. Naipenda sana rangi hiyo. Kwa hiyo nikipima programu ya kuhariri picha, cha kwanza ninachouliza ni kama itaniachia maji yangu yalivyo.

Snapseed inaniachia. Ni ya Google, walioinunua kampuni iliyoitengeneza, Nik Software, mwaka 2012. Ni ya bure na haina matangazo. Naizungumzia nilivyoizoea kwenye simu ya Android.

Kinachonifanya nibaki nayo ni kifaa cha kuchagua sehemu. Nina picha ya mashua karibu na soko la samaki, jua likichomoza nyuma yake: mbingu inawaka, ubavu wa chombo mweusi tii. Ukiongeza mwanga picha nzima, mawingu yanaungua. Basi naweka nukta ubavuni, nabana kwa vidole viwili duara lipungue (sehemu itakayoguswa inajionyesha kwa wekundu), halafu nateleza kidole kulia taratibu mpaka mishono ya kalafati ianze kuonekana. Programu inafuata rangi inayofanana na ile ya pale kwenye nukta, hivyo maji ya pembeni hayaguswi sana. Hapo nasimama. Jua limetoka baharini. Ubavu unaotazama nchi kavu hauwezi kung'aa kama adhuhuri, na mvuvi yeyote akiiona picha atajua kuna uongo.

HDR Scape, kichujio kimoja cha Snapseed, ndiyo ninayowasihi vijana waiache. Inavutia kwa kuwa inafungua vivuli vyote kwa mguso mmoja. Lakini ijaribu kwenye mibuyu ya Kaole, penye magofu ya kale karibu na Bagamoyo, uone: matawi yanaota mkanda mweupe pembeni yake, nyasi zinageuka kijani cha plastiki, na magofu yanapoteza uzee wake. Kuta zile ni za mawe ya matumbawe na chokaa, zina karne nyingi. Vile vitundu vinajieleza vyenyewe. Nikitaka vionekane zaidi, naongeza ukali wa umbile bila kuvuka 15, kisha nafungua orodha ya hatua nilizofanya na kuipaka hatua hiyo ukutani tu, kwa kidole. Mbingu siipaki kabisa. Uzuri wa orodha hiyo ni kwamba hatua yoyote unaweza kuirudia, ukaipunguza au ukaifuta, bila kuanza upya.

Ukibonyeza picha na kushikilia, inarudi ya awali. Itumie mara kwa mara. Angalia kama jicho bado linakwenda kwenye kile kilichokufanya upige picha, au sasa linakimbilia mawingu.

Mwenye nyumba moja ya wageni aliwahi kuniomba nimgeuzie bahari iwe ya buluu kwa ajili ya matangazo yake. Nilikataa. Mgeni atafika, atasimama kibarazani maji yamepwa, na atajua amedanganywa. Nilimpigia nyingine maji yakiwa yamejaa, saa nne asubuhi, jua limepanda, na ukijani wa maji ukatoka wenyewe. Kuhariri kulichukua dakika chache: kunyoosha upeo wa bahari na kupunguza mwanga kidogo.

Kwa kazi ya picha mia za harusi, Snapseed haifai. Haina maktaba ya kuzipanga. Lightroom ya Adobe inazipanga vizuri, ila baadhi ya vifaa vyake vinalipiwa. Kwa mpiga picha wa mandhari mwenye simu tu mkononi, pakua Snapseed. Inafungua pia faili za DNG (picha ghafi ambazo simu haijazichakata), kwa hiyo kama simu yako inaweza kupiga hivyo, piga hivyo wakati wa mawio: mawingu utayaokoa kwa urahisi zaidi kuliko kwenye JPEG ya kawaida.