Sapoti ya goti yenye bawaba: uzoefu wangu baada ya miezi minane golini

Nina umri wa miaka 41 na bado nadaka katika mpira wa magongo, jioni mbili kwa wiki hapa Mnazi Mmoja, Unguja, ingawa goti langu la kulia limekuwa likivimba baada ya kila mechi kwa zaidi ya miaka sita kutokana na gegedu lililochakaa. Miezi minane iliyopita nilinunua Darajani sapoti ya goti yenye bawaba za chuma pembeni, kwa shilingi 85,000, na kijana aliyeniuzia aliniambia, "Ami, vaa hii mwezi mmoja tu, goti litapona." Halikupona.

Ina kazi nyingine, nayo inaifanya vizuri. Golikipa wa magongo hulinda goli lenye upana wa mita 3.66 dhidi ya mpira mgumu usiopungua gramu 156, na muda mwingi huwa amekunja magoti akienda ubavu kwa hatua fupi. Kila nilipojisukuma kwa mguu wa kulia kwenda kushoto, goti liliyumba kuelekea ndani kana kwamba linataka kuchomoka. Bawaba zimepunguza sana kuyumba huko, na siku ya kwanza nilikabili kona fupi saba (adhabu ambapo wapinzani huanzisha mpira kwenye mstari wa goli kisha hupiga golini) bila kulifikiria goti hata mara moja.

Hatari yake imo humo humo. Mwezi wa pili nilijiona mzima, nikacheza siku tatu mfululizo, na usiku wa siku ya tatu sikuweza kukaa tahiyatu katika sala ya Isha, ikabidi nisalie kwenye kiti kwa siku tisa. Sapoti huzuia goti lisiyumbe, lakini haipunguzi uzito unaolielemea unapopiga magoti na kuinuka, wala haigusi nyonga kabisa. Hilo la nyonga huwasumbua zaidi wenzetu wa magongo ya barafuni, ambao huangukia magoti na kutandaza miguu pembeni kwa mtindo uitwao kipepeo. Tuukka Rask wa Boston alifanyiwa upasuaji wa nyonga mwaka 2021, akarejea Januari 2022, akacheza mechi nne tu na kustaafu. Carey Price wa Montreal, baada ya upasuaji wa goti, alicheza mechi tano msimu huo na hakurudi tena golini. Ikiwa watu wenye madaktari wa kiwango kile walishindwa, sikuwa na haki ya kudai muujiza kwa shilingi 85,000.

Upande wa ubora, bawaba ya nje ilianza kutu mwezi wa tatu, na nadhani ni jasho pamoja na upepo wa bahari. Tangu hapo naisuuza kwa maji baridi kila baada ya mazoezi, naikausha kivulini, kisha naitia tone la mafuta ya cherehani. Anayedaka achukue saizi moja juu ya ile anayopimiwa dukani, kwa kuwa padi ikikazwa juu yake damu haipiti vizuri na vidole hufa ganzi. Mkanda wa juu uliacha kunata mwezi wa tano. Fundi cherehani wa Kikwajuni alinishonea mwingine kwa shilingi 3,000, na huo haujalegea hadi leo.