Uzoefu Wangu wa Changamoto ya Kilomita 100 Kila Mwezi Kutoka Nairobi

Changamoto ninayoieleza ni ile ya Strava, programu ya simu ya kurekodi mazoezi, iitwayo Gran Fondo, ambayo kila mwezi humtaka mshiriki aendeshe baiskeli kilomita 100 katika safari moja, na ambayo nimekuwa nikiifanya pamoja na kundi la waendesha baiskeli wa Nairobi katika kiangazi, masika, kipupwe na vuli. Kujiunga hakulipiwi. Unabonyeza kitufe mwezi unapoanza, unarekodi safari kwa simu au kwa kifaa kinachofungwa kwenye usukani, na ukitimiza umbali huo kabla ya mwezi kwisha, nishani ya kidijitali huwekwa kwenye ukurasa wako. Ninaipendekeza kwa moyo wote kwa kila mwenye baiskeli nzima na wenzake wa kwenda nao. Sehemu hiyo ya pili ninaisisitiza, kwa kuwa katika barabara zinazotoka katika mji huu sijaona njia salama ya kuitimiza mwaka mzima ukiwa peke yako.

Nguvu yake inatokana na kanuni moja tu, kwamba umbali haugawanywi. Mtu anayekwenda kazini kwa baiskeli kila siku kutoka Kasarani hadi Eneo la Viwanda anaweza kukusanya mamia ya kilomita kwa mwezi, na ninamheshimu sana mtu huyo, lakini kilomita 100 kwa mkupuo mmoja ni kazi ya aina nyingine kabisa. Mwili huweka akiba ya wanga katika misuli na ini, na akiba hiyo hutosha kazi nzito ya saa moja na nusu hadi saa mbili hivi. Kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, safari hii huchukua saa tano za kukanyaga pedali bila kuhesabu mapumziko, kwa hiyo sehemu kubwa ya njia unaikamilisha kwa nguvu ya kile unachokula ukiwa barabarani. Wataalamu wa lishe ya michezo hushauri gramu 30 hadi 60 za wanga kwa kila saa ya safari ndefu, na ndizi moja ya wastani hutoa karibu gramu 27. Kundi letu hubeba ndizi, viazi vitamu vya kuchemsha na mandazi, pamoja na maji yaliyotiwa sukari na chumvi kidogo, na tunakula kila baada ya nusu saa hata kama hakuna anayehisi njaa. Anayengoja njaa imjie hujulikana mapema: huacha kuzungumza, baiskeli huanza kuyumba, na kilima kidogo ambacho angekipanda bila kukigundua humfanya ashuke na kusukuma.

Kurudi kwa changamoto kila mwezi ndiko kunakoitofautisha na matukio ya mara moja kwa mwaka ambayo mtu hujiandaa kwayo, akayamaliza, kisha baiskeli ikaning'inia ukutani hadi mwaka unaofuata. Januari na Februari ni miezi rahisi, yenye jua na barabara kavu. Kuanzia Machi hadi Mei mvua za masika huleta mashimo yaliyojaa maji ambayo hayaonyeshi kina chake, mchanga hukokotwa hadi kwenye lami, na breki za kubana ukingo wa gurudumu hupungukiwa na nguvu zikilowa. Julai ni baridi, hasa upande wa Limuru. Oktoba mvua za vuli zinakaribia tena, mara nyingi zikinyesha alasiri. Kwa sababu hiyo tumeichagua Jumamosi ya pili ya mwezi kuwa siku yetu ya kudumu, ili mvua ikituzuia tubaki na Jumamosi nyingine mbili za kujaribu. Wanaoisubiri wiki ya mwisho hujikuta wakiendesha chini ya mvua, au wakiwa na mafua, kwa kuwa tu tarehe zimekwisha, na hilo ninalipinga kabisa. Nishani haifai kumtoa mtu nyumbani siku ambayo mwili au anga inamkataza.

Sasa barabara, ambazo kwa mwendeshaji wa Nairobi ndizo kiini cha jambo lote. Ya kwanza ni Barabara Kuu ya Thika, iliyozinduliwa mwaka 2012, ambayo ninamshauri kila mgeni aanze nayo. Kutoka katikati ya jiji hadi Thika ni kama kilomita 45, kwa hiyo tunapita mji huo na kusogea kidogo kuelekea Kenol kabla ya kugeuza. Miinuko yake si mikali, na maduka, vituo vya mafuta na mafundi wa baiskeli hawakosekani. Hatari yake iko kwenye vituo vya matatu na mahali ambapo njia za kando huingia au kutoka barabara kuu, kwa maana gari lililokupita kwa kasi linaweza kukatiza mbele yako papo hapo ili kushusha abiria. Tunakuwa tumeshapita Githurai kabla ya saa moja na nusu asubuhi, maana baada ya hapo eneo lile hujaa magari, mikokoteni, bodaboda na watu wanaovuka.

Barabara ninayoipenda kuliko zote ni ya Limuru. Tunapita Ruaka na Red Hill, tunapanda katikati ya mashamba ya chai ya Tigoni hadi Limuru, mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, kisha tunafuata barabara ya Nakuru kuelekea Kinale, ambako pembeni kuna Soko Mjinga na marundo yake ya viazi, karoti na kabichi. Nusu ya kwanza ni kupanda karibu mfululizo, na nusu ya pili ni kuteremka, jambo ambalo wageni hulifurahia hadi watakapokutana na baridi. Mtu aliyelowa jasho akiteremka kwa kilomita 50 kwa saa katika ukungu wa Julai hufa ganzi vidole, na vidole vyenye ganzi havibani breki vizuri. Ndiyo maana kila mmoja wetu hubeba koti jepesi la kuzuia upepo, na asiye nalo hupewa gazeti la kuweka kifuani chini ya fulana, mbinu ya zamani ya waendesha baiskeli ambayo bado inafanya kazi vizuri sana. Wakati wa kurudi tunapitia Kikuyu, mahali penye historia yake katika mchezo huu: huko ndiko David Kinjah aliko na kundi lake la Safari Simbaz, na ndiye aliyemlea katika baiskeli Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyeshinda Tour de France mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017. Vijana wanaoendesha nasi huongeza kasi wafikapo Kikuyu bila kuambiwa na mtu.

Barabara ya Magadi tumeihifadhi kwa miezi mikavu na kwa watu waliokwisha kuzoea umbali huu. Kutoka katikati ya jiji hadi mji wa Magadi ni zaidi ya kilomita 100, hivyo safari ya kwenda pekee inatosha, na kurudi tunakodi pikapu ambayo kila mmoja huchangia kwa M-Pesa kabla ya siku yenyewe. Ukishapita Kiserian na kufika Corner Baridi, bonde lote hufunguka mbele yako, kisha barabara huteremka kutoka nyanda za juu hadi kwenye ziwa la magadi, lililo kama mita 600 tu juu ya usawa wa bahari. Njiani kuna Olorgesailie, ambako mashoka ya mawe ya watu wa kale yangali yametapakaa mahali yalipokutwa na wanaakiolojia Mary na Louis Leakey katika miaka ya 1940. Joto huongezeka kadiri unavyoshuka, vivuli vinapungua, na maduka yako mbali mbali. Hakuna anayeruhusiwa kuondoka Kiserian akiwa na maji chini ya lita mbili.

Barabara ya Mombasa tumeiacha. Barabara ya juu ya Nairobi Expressway hairuhusu baiskeli, na ile ya chini ina malori mengi mno kati ya Mlolongo na Athi River.

Kuhusu programu yenyewe sina mengi. Hurekodi vizuri ikiwa simu ina chaji ya kutosha na mpangilio wa kuokoa betri umezimwa, kwa kuwa simu nyingi hufunga programu zinazofanya kazi skrini ikiwa imezimwa, na safari ikakatika vipande viwili visivyohesabiwa kama kimoja. Unaweza kuwatumia jamaa zako kiungo cha kuwaonyesha ulipo, na sisi tunamtaka kila mmoja afanye hivyo. Ninashauri pia uifiche sehemu ya ramani inayoonyesha mlango wa nyumba yako. Mwanzoni mwa mwaka 2018 dunia ilishangaa kuona kwamba ramani ya jumla ya safari za watumiaji wa programu hiyo ilikuwa imeonyesha hata njia za ndani ya kambi za kijeshi, na kama kambi ilionekana, nyumba ya mtu mwenye baiskeli ya thamani itaonekana pia.

Faida kubwa zaidi imetoka kwa wenzangu. Kwenye barabara tambarare upinzani wa hewa ndio unaokula sehemu kubwa ya nguvu za mwendeshaji, na anayemfuata mwenzake kwa karibu hupata nafuu kubwa, kwa hiyo tunakwenda kwa mstari mmoja na kupokezana nafasi ya mbele kila baada ya dakika chache. Anayeongoza ndiye macho ya kundi. Anapaza sauti, "Shimo!", "Tuta!", "Mchanga!", na wa mwisho hujibu kutoka nyuma, "Gari!" au "Lori!", huku kila mmoja akilipitisha neno hilo kwa anayemfuata. Katika kila njia panda na juu ya kila mlima mrefu tunasimama hadi wote wafike. Wa mwisho kabisa ni mwalimu mstaafu, mtu mwenye nguvu za kutosha kuongoza ambaye amechagua mwenyewe kukaa na wageni. Niliwahi kumsikia dada mmoja aliyekuwa katika safari yake ya kwanza ya Limuru akimwambia, "Mwalimu, naona nirudi, miguu imekwisha," naye akamjibu, "Kula ndizi hii kwanza, mwanangu, halafu utaniambia." Alikula, wakakaa kando ya barabara kwa dakika kumi hivi, wakapanda. Dada huyo leo ndiye anayepanga ratiba yetu.

Mwezi wa Agosti safari yetu huwa na uzito wake, kwa sababu tunamkumbuka Suleiman Kangangi, nahodha wa timu ya baiskeli ya Team Amani, aliyefariki tarehe 27 Agosti 2022 baada ya kuanguka katika mashindano ya barabara za changarawe huko Vermont, Marekani. Alikuwa amejitolea kuhakikisha kwamba waendeshaji wa Afrika Mashariki wanapata nafasi ya kushindana na bora wa dunia. Kabla ya kuondoka tunasimama kimya kidogo, kisha tunakaguliana kofia na breki mmoja baada ya mwingine. Ukaguzi huo sasa tunaufanya kila mwezi.

Jambo ninalotamani litazamwe upya ni kwamba changamoto huhesabu umbali peke yake. Kilomita 100 za kwenda Thika na kurudi na kilomita 100 za Kinale hupewa nishani ile ile, ingawa kwa miguu hazilingani hata kidogo. Ipo changamoto nyingine ya kuhesabu mita za kupanda, lakini kwa jiji lililo ukingoni mwa Bonde la Ufa ningependa mambo hayo mawili yapimwe pamoja. Vilevile hakuna kikomo cha muda ndani ya siku, jambo ambalo kwangu ni faida, kwani mgeni anaweza kuchukua saa nane na bado akatimiza.

Anayetaka kikomo cha muda atakipata katika utamaduni wa safari ndefu za baiskeli uitwao Audax, ulio mkongwe kuliko simu zote hizi. Audax Club Parisien ilianzishwa Ufaransa mwaka 1904, na safari zake huanzia kilomita 200, zinazopaswa kumalizwa ndani ya saa 13 na nusu. Kwetu hapa karibu na ikweta mwanga wa mchana hudumu kama saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo anayekwenda kwa mwendo wa chini kabisa unaoruhusiwa lazima aanze au amalize gizani, na barabara za kutoka Nairobi usiku sizipendekezi kwa yeyote asiye na taa imara mbele na nyuma, fulana ya kuakisi mwanga na gari la kumfuata.

Kwa anayetaka kuanza, baiskeli ya bei kubwa si lazima. Wengi wetu wanaendesha baiskeli za mitumba zilizofanyiwa ukarabati na fundi wa mtaani. Cheni isiwe imelegea, tairi zisiwe zimeonyesha nyuzi, na kimo cha kiti kirekebishwe hadi goti libaki limekunjika kidogo tu pedali ikiwa chini kabisa, kwa maana kiti kilicho chini mno huumiza magoti kabla ya kilomita 60. Beba tyubu mbili, vyuma vya kutolea tairi, pampu na pesa za dharura. Fanya kwanza safari za kilomita 40, halafu 60, halafu 80, kwa majuma kadhaa, kisha ujiunge Januari au Februari kupitia barabara ya Thika, ukianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi ili ufike nyumbani kabla ya jua la saa nane.