Kununua Heita Mpya ya Maji Mtwara na Lindi: Tazama Chumvi Kabla ya Baridi

Heita ya maji inapokufa, wengi huenda dukani na swali moja tu, nalo ni ipi inayochemsha kwa nguvu zaidi. Katika mikoa ya Mtwara na Lindi swali hilo linaweza kusubiri. Hata katika Juni na Julai, kusi inapovuma na wazee wakaanza kuulizia maji ya moto, maji ya tangi la nje huku pwani huwa na nyuzi 25 hivi, ilhali maji ya kuoga yanayomridhisha mtu ni ya nyuzi 38 au 39. Nyuzi kumi na tatu au kumi na nne za kuongeza si kazi kubwa. Kinachoua heita za huku ni chumvi na chokaa, hasa kwa nyumba za karibu na bahari zinazotumia visima vyake zenyewe, na ndiyo maana mwongozo huu unazipanga heita kwa jinsi zinavyostahimili maji hayo kuliko kwa ukali wa moto wake.

Kabla ya kutoa fedha, mwite fundi aifungue ile ya zamani. Ikiwa tangi halivuji, huenda kilichoungua ni elementi (kipande kinachopasha maji) au themostati (kinachodhibiti joto) tu, na vyote viwili hubadilishwa kwa gharama ndogo. Tangi lililotoboka halina dawa, usikubali kulichomelea. Kisha yapime maji yako mwenyewe: yaonje, litazame birika la chai ndani kama lina gamba jeupe, na uone kama sabuni ya mche inatoa povu. Maji yenye ladha ya chumvi au yanayogoma kutoa povu yatakulazimu uchague kwa uangalifu zaidi.

Nafasi ya kwanza, kwa nyumba ya watu wanne au watano yenye bafu moja, naipa shawa ya umeme inayopasha maji papo hapo. Bei yake ya kununulia ndiyo ya chini, hutumia umeme wakati wa kuoga tu, na elementi yake ikifa hubadilishwa. Sharti langu ni moja, nalo halina mjadala: inunuliwe ile iliyotengenezwa kwa ajili ya maji chumvi, ambayo waya wake wa moto umefunikwa ndani ya mrija wa chuma. Katika shawa za kawaida waya huo uko wazi ndani ya maji, na kwa kuwa maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri, muogaji hushtukia anatekenywa na shoti anapogusa bomba. Muuzaji akikwambia kwamba zote ni sawa, mwombe akufungulie boksi na usome maandishi ya mtengenezaji.

Nguvu ya shawa nayo huzidishwa bure. Shawa ya wati 5,500, maji yakitiririka lita nne kwa dakika, huyapandisha kwa karibu nyuzi 20, yaani kutoka 25 hadi 45, na hapo muogaji wa Mtwara analazimika kufungua maji zaidi ili asiungue. Ikiwekwa kwenye kiwango cha wati 3,500 hivi hupandisha nyuzi 12 na nusu, ambazo zinatosha. Tofauti hiyo inaonekana kwenye LUKU. Watu wanne wakioga dakika tano kila mmoja kwa siku, shawa ya wati 5,500 hula uniti 55 kwa mwezi, na ya wati 3,500 hula 35. Kwa bei zilizopangwa na EWURA mwaka 2016, mteja wa matumizi madogo hulipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na zinazozidi hapo hulipwa shilingi 350 kila moja, kabla ya kodi na tozo. Nyumba yenye friji na televisheni itavuka mstari huo kwa urahisi, kwa hiyo chagua shawa yenye ngazi tatu au nne za joto, ile ya juu kabisa ukamwachie mgeni aliyetoka Njombe.

Shawa ya wati 5,500 huvuta ampia 24, na haifai kuunganishwa kwenye waya wa taa au wa soketi. Inahitaji waya wake peke yake kutoka kwenye meni swichi, usiopungua milimita 4 za mraba, sakiti breka yake, ethi ya kweli iliyozikwa ardhini, na kifaa cha kukata umeme unapovuja, cha miliampia 30. Nyumba isiyo na ethi isifungwe shawa hii kabisa mpaka ethi ipatikane.

Ya pili ni heita ya tangi, nayo inapanda kuwa ya kwanza kwa nyumba yenye waya dhaifu au inayosumbuliwa na umeme wa kukatika, kwa sababu elementi ya wati 1,500 huvuta ampia 7 tu na maji yaliyokwisha kupashwa hubaki na moto kwa saa kadhaa. Tangi la lita 30 lenye maji ya nyuzi 60, ukiyachanganya na ya baridi, hukupa lita 75 za kuoga, yaani karibu ndoo nne kubwa, baada ya dakika 50 za kuwasha. Lita 80 au 100 ambazo wauzaji hupenda kuzisifu ni za watu wa Mbeya. Newala, iliyo juu ya uwanda wa Makonde, ina ubaridi zaidi, na huko lita 50 zina hoja.

Jambo linalopuuzwa mno ni tangi lenyewe limetengenezwa kwa nini. Chuma cha pua husifiwa kwamba hakishiki kutu, lakini kile cha daraja la kawaida, kikikutana na maji moto yenye chumvi, hutoboka vitundu vidogo kwenye maungio. Kwa maji ya kisima cha pwani ni afadhali tangi la chuma lililopakwa enameli ndani, lenye fimbo nene ya magnesi, ambayo kazi yake ni kuliwa na maji ili tangi lisiliwe. Ifungue fimbo hiyo kila mwaka: mara nyingi utakuta kilichobaki ni waya mwembamba wa katikati, wenye unga mweupe na mabonge machache ya magnesi. Ikifika hapo, ibadilishe wiki hiyo hiyo. Hakikisha pia valvu ya usalama imefungwa na haijazibwa na fundi aliyechoka kuiona ikidondosha matone.

Heita ya jua naiweka ya tatu kwa nyumba ya kawaida na ya kwanza kwa gesti, kwa kuwa gharama kubwa ya mwanzo hurudi haraka pale ambapo wageni huoga kila siku. Kioo chake kielekezwe kaskazini, kwa mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15. Ile ya lita 150 ina uzito unaozidi kilo 200 ikijaa, hivyo fundi seremala akague mbao za paa kwanza. Fremu iwe ya alumini, maana hewa ya bahari hula bati la kawaida, na boliti zikazwe kwa kuukumbuka upepo wa kimbunga Hidaya wa Mei 2024.

Ya gesi inafuata kwa mbali. Isifungwe ndani ya bafu, kwa sababu moshi wake huua bila harufu, na wenye bomba la gesi asilia wajue kwamba heita ya mtungi haifanyi kazi humo mpaka jeti zibadilishwe. Chuma cha kutumbukiza ndooni kisinunuliwe.

Wengi hununua kwa fedha za korosho, Novemba au Desemba, joto likiwa kali, na boksi hukaa uvunguni mpaka Juni huku waranti ya mwaka ikiendelea kuhesabiwa. Ifunge mara moja, iwashe kwa wiki nzima, utazame maungio kama yanavuja, na utunze risiti yenye muhuri wa duka pamoja na namba ya heita.