Wiki sita na mtu wa promosheni ya gemu, Soweto, Mbeya

Mwaka jana mimi na mwenzangu tulimaliza kutengeneza mchezo wa simu unaohusu dereva wa Fuso anayeshusha viazi kutoka Uyole hadi soko la Mwanjelwa bila kumwaga hata gunia moja. Tulilipa dola 25 za kujisajili katika duka la Google, tukauweka mchezo wetu wa majaribio humo, na wiki mbili zikapita bila mtu kuupakua zaidi ya ndugu zetu. Ndipo tulipomwendea dada mmoja mwenye chumba cha kazi pale Soweto, jijini Mbeya, anayejitambulisha kuwa ofisa uhusiano wa michezo ya video, ingawa vijana wa vibanda vya PS humwita tu mtu wa promo. Tulikubaliana shilingi 450,000 kwa wiki 6, nusu mwanzoni na nusu kazi ikikamilika.

Nilikwenda kwake nikiwa na mashaka, kwa kuwa wakala mwingine, ambaye sitamtaja, alikwisha kutuuzia wafuasi wa mtandaoni ambao walikuja kwa maelfu na kukaa kimya kama mawe ya mtoni. Swali langu la kwanza lilikuwa kama atatutafutia watu wa kutupa nyota tano. Alijibu kwamba mwenye kulipia tangazo ndiye anayechagua maneno yake, lakini kazi yake yeye ni kumfikishia mwandishi au mrushaji wa michezo, yaani anayecheza mtandaoni huku watu wakimtazama, habari kamili na mchezo wenyewe kwa wakati, kisha kumwacha aseme anachokiona. Nilimuuliza pia inawezekanaje kazi hiyo ifanyike Mbeya. Alinikumbusha kwamba maonyesho ya E3 ya Marekani, yaliyoanza mwaka 1995 na kuwa mahali pa kila mwenye mchezo kujinadi, yalitangazwa kufungwa kabisa Desemba 2023, na kwamba sehemu kubwa ya shughuli hii sasa hufanyika kwa barua pepe, video na bando la intaneti.

Wiki ya kwanza hakutuma barua hata moja, na kusema kweli nilikereka. Aliazima simu tatu za bei nafuu kwa madereva wa bodaboda wa Kabwe, akaweka mchezo wetu humo na kuwapa wenyewe waucheze wakisubiri abiria. Katika simu mbili, Fuso letu liliganda kila lilipofika kwenye mteremko, jambo ambalo hatukuwahi kuliona kwa sababu sisi tulikuwa tukiujaribu kwenye simu nzuri ya mwenzangu. Akakataa katakata kuupeleka kwa yeyote mpaka turekebishe. Tulipolalamika kwamba siku zinakwenda, alitusimulia habari za Cyberpunk 2077, iliyotoka Desemba 2020: waandishi walipewa mapema toleo la kompyuta pekee, wakausifu mchezo, na walioununua kwa ajili ya PlayStation 4 wakakuta umejaa hitilafu, hata Sony ikauondoa katika duka lake kabla mwezi haujaisha. Tulirekebisha mteremko kwa siku tisa. Kwangu mimi, kukataa kule peke yake kulistahili nusu ya malipo.

Baada ya hapo alifanya kazi kwa mpangilio mzuri. Aliandaa mkoba wa habari wenye picha safi, video ya sekunde 40 na maelezo mafupi, kisha akawaandikia watu wachache, wengi wao warushaji wadogo wanaocheza kwa Kiswahili, kila mmoja kwa barua yake. Hakutaka kuwakimbilia wenye majina makubwa, na alitaja mfano wa Among Us, mchezo uliotoka mwaka 2018 na kuvuma mwaka 2020 pale warushaji walipoanza kuucheza mbele ya watazamaji wao.

Kasoro zipo. Maelezo ya Kiswahili aliyoyaandika kwa ajili ya duka yalikuwa makavu, yakimwalika mchezaji “kupata uzoefu wa uendeshaji usio na kifani”, maneno ambayo hakuna dereva wa Uyole atakayeyatamka hata akiwa amelewa. Tuliyafuta na kuandika “Shusha viazi, usimwage”, na yeye, nampa haki yake, alicheka na kukubali.

Kosa kubwa zaidi lilihusu saa ya zuio, yaani saa ambayo kabla yake aliyepewa mchezo mapema haruhusiwi kuchapisha chochote. Tulikubaliana iwe saa 3 usiku, lakini katika barua zake aliandika “saa 3” tu. Mrushaji mmoja, aliyezoea kuhesabu saa kwa Kiingereza, aliirusha video yake saa 9 alasiri, saa sita kabla ya toleo lililorekebishwa kufunguliwa dukani, na watazamaji wake waliokimbilia kupakua wakakuta lile la zamani linaloganda. Wachache walituandikia matusi. Dada yule aliomba radhi siku hiyo hiyo, akamwandikia kila aliyelalamika, na akatupunguzia shilingi 50,000 bila sisi kuomba.

Mwishoni alitupa ripoti ya kurasa mbili iliyoonyesha nani aliandikiwa, nani alijibu na nani alinyamaza. Ningependa ionyeshe pia wachezaji wangapi walitokana na video ipi. Bei si ndogo kwa vijana wanaoanza, ila simwoni mwingine hapa Nyanda za Juu Kusini ambaye ningempa kazi hii. Awamu ya pili inaanza Mei, na katika mkataba mpya kila saa imeandikwa pamoja na neno asubuhi, alasiri au usiku.