Vim kwa anayeandika Kiswahili kutwa: uzoefu wangu na vifupisho

Kazi yangu ni tafsiri. Nyaraka ninazoletewa zina maneno yaleyale yanayojirudia kila ukurasa: Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, halmashauri ya wilaya, kwa mujibu wa kifungu, kwa kuzingatia masharti. Vidole vilipoanza kuuma nilihamia Vim, na mpaka leo sijapata programu nyingine inayokubali kupangwa upya kitufe kwa kitufe namna hii. Tena ni ya bure.

Kwa asiyeifahamu, Vim ni kihariri cha maandishi matupu kilichotolewa mwaka 1991 na Mholanzi Bram Moolenaar, kikifuata nyayo za vi, programu ya Bill Joy ya miaka ya 1970. Ukiwa katika hali ya kuandika, herufi ni herufi. Ukiwa katika hali ya kawaida, kila herufi ni amri: `dd` inafuta mstari mzima, `ciw` inaondoa neno uliposimama na kukuacha tayari kuandika jingine, na nukta inarudia badiliko la mwisho. Mausi unaisahau kabisa.

Mipangilio yote inakaa kwenye faili moja, `.vimrc`. Wengi wanaoanza huchukua faili la mtu mwingine mtandaoni wakalibandika zima zima. Mimi nasema hapana. Mafaili mengi ya aina hiyo yametungwa na watu wanaoandika Kiingereza au msimbo wa programu, nasi lugha yetu ina nafasi ambazo wao hawana. Kiswahili hakina q wala x. Ukianza kila kifupisho kwa q, hakuna siku kitagongana na neno halali:

`iabbrev qjmt Jamhuri ya Muungano wa Tanzania`
`iabbrev qhw Halmashauri ya Wilaya ya`
`iabbrev qks kwa sababu`

Ninaandika `qjmt`, nabonyeza nafasi, na jina lote linajitandaza. Herufi nne mahali pa thelathini na moja, na ile nafasi ningeibonyeza hata hivyo. Tena makosa yamepungua: jina la wizara ukishaliandika sawasawa mara moja ndani ya `.vimrc`, litatoka sawasawa kila ukurasa, hata saa sita za usiku macho yakiwa yamechoka. Siku ukitaka kifupisho kibaki kama kilivyo, bonyeza Ctrl-V kabla ya ile nafasi.

Angalia sana ng'. Vim inaihesabu alama ya ritifaa kuwa mwisho wa neno, hivyo mtu akifanya `ng` kuwa kifupisho cha nguvu, kila akiandika ng'ombe atapata nguvu'ombe. Ndiyo sababu nyingine ya kung'ang'ania q na x.

Kitu cha pili kilichonipa raha ni kutoka katika hali ya kuandika. Kitufe cha Esc kiko mbali pembeni, nacho unakihitaji kila dakika. Nimeweka hivi:

`inoremap jk <Esc>`

Silabi zetu karibu zote huishia na irabu, na j haifuatwi na k katika neno lolote la Kiswahili. Vim ikiona j husubiri kidogo, mpaka sekunde moja isipobadilishwa, ione kama k inakuja. Lakini kwetu irabu inafuata papo hapo, hivyo jana, mjomba na hujambo vinaandikika bila kukwama. JKT nayo haiguswi, kwa kuwa mpangilio huu unatambua herufi ndogo tu.

Kwa aya ndefu naongeza `nnoremap j gj` na `nnoremap k gk`, ili kupanda na kushuka kufuate mistari inayoonekana kwenye skrini. Andika `nnoremap`, usiandike `nmap`, maana ya pili inaweza kuita mpangilio mwingine ndani yake na mambo yakazunguka. Na ukitaka Ctrl-S ihifadhi faili, fahamu kwamba kwenye terminali nyingi za Linux, yaani dirisha la kuandikia amri, kitufe hicho husimamisha skrini, ikaonekana kama kompyuta imeganda. Ctrl-Q inaifungua; `stty -ixon` kwenye `.bashrc`, faili la mipangilio ya terminali, inamaliza tatizo.

Kasoro zipo, nazo si ndogo. Wiki za mwanzo utaandika polepole kuliko ulivyozoea. Vifupisho vinaishi ndani ya Vim tu, kwenye WhatsApp au barua pepe havikufuati. Hakuna herufi nzito wala majedwali ya kupendeza, na wateja wangu wanataka faili la Word, kwa hiyo kila kazi lazima ipite kwenye Pandoc, programu ya kugeuza faili la aina moja kuwa la aina nyingine, kabla ya kutumwa. Kwa kitabu chenye picha nyingi sitaitumia.

Jambo moja linanigusa kama mtu wa Afrika Mashariki. Moolenaar alijitolea Kibaale, kusini mwa Uganda karibu na mpaka wa Tanzania, na badala ya kuiuza Vim aliwaomba watumiaji wawachangie watoto wa huko. Alifariki Agosti 2023. Andika `:help uganda` usome habari yenyewe. Naiheshimu programu hii zaidi kwa ajili hiyo.

Anayeandika barua mbili tatu kwa mwezi sitamsumbua na Vim. LibreOffice Writer ina AutoText: unaandika kifupisho chako, unabonyeza F3, basi. Lakini kama wewe ni mtafsiri, mwandishi wa habari au karani wa kumbukumbu za vikao, fungua `.vimrc` yako leo na uanze na yale maneno matano unayoyaandika mara nyingi kuliko yote.