Gari langu halikuugua Nakuru, liliugua Molo alfajiri

Gereji ninayoisema iko Nakuru, upande wa viwandani. Jina lake sitaliandika. Nilikaa chini nikiwa nimekusudia kuwapa nyota moja, katikati ya kuandika nikapanda hadi mbili, na sasa someni mjue nimeishia wapi.

Mimi nakaa Molo. Anayeijua Molo anaijua baridi yake: tuko kama mita 2,500 juu ya bahari, na katikati ya mwaka umande wa asubuhi unauma vidole. Napeleka kabeji na karoti Nakuru kwa Probox, na lazima nitoke kabla ya jua, maana ukichelewa sokoni bei imeshaanguka. Sasa gari likaanza vituko. Linapokea stata vizuri, linawaka, halafu linatetemeka kama mgonjwa wa malaria. Ukikanyaga mafuta linasita, ukiachia linazima. Zamani likiwaka asubuhi lilikuwa linapandisha sauti lenyewe, linanguruma kidogo, kisha linashuka taratibu kadiri linavyopata moto. Hilo likaisha kabisa. Ilibidi nilibembeleze dakika kumi hivi, wakati mwingine limejaa mzigo hadi juu, ndipo likae sawa. Likishakaa sawa, kutoka hapo hadi Nakuru, karibu kilomita 50 kupitia Elburgon na Njoro, huwezi kuamini lilikuwa na shida.

Na hapo ndipo nilipoumizwa. Nikifika gereji gari limeshapona.

Mara ya kwanza walichomeka mashine. Nakuru ni jiji tangu 2021 na mashine za kupima magari ziko kila kona, kwa hiyo sikuwa na wasiwasi. Mashine ikasema hakuna kosa. Wakabadilisha plagi, nikalipa, nikashukuru. Kesho yake alfajiri mtetemo ni ule ule. Mara ya pili wakabadilisha koili zote nne, wakasema pia wameniangalizia "mambo ya maji", na tangu siku hiyo hita yangu ikawa inapuliza baridi. Nilidhani ni hali ya hewa tu. Mara ya tatu ilikuwa sensa ya oksijeni, shilingi 9,500.

Hiyo sensa ya oksijeni inanikera hadi leo. Nimekuja kuelezwa baadaye, na ni jambo ambalo fundi yeyote wa magari ya sindano, haya ambayo kompyuta ndiyo inayapimia petroli, anapaswa kulijua: sensa ile iko kwenye bomba la moshi na haisemi kitu mpaka ipate moto wa nyuzi 300 hivi. Injini ikiwa baridi, kompyuta ya gari haiisikilizi kabisa. Inategemea sensa nyingine ndogo, ile inayopima joto la maji ya injini, ndiyo inayoiambia iongeze petroli kiasi gani. Sasa mtu mwenye gari linaloumwa asubuhi tu, likiwa baridi tu, unamuuziaje sensa inayolala muda huo?

Mara ya nne nilirudi na hasira, lakini niliongea kwa heshima. Nikamwambia mkuu wa mafundi, "Fundi, gari bado." Akaliwasha. Bila shaka likawaka vizuri, limetoka kukimbia saa nzima. Akakanyaga mafuta mara mbili mbele ya wateja wengine, akanigeukia: "Mama, hii gari ni nzima. Kwani wewe unaiwashaje? Mwambie mzee wa nyumbani awe anakuwashia." Watu wakacheka. Nimepanda na kushuka barabara hiyo na mizigo tangu kijana huyo akiwa shule ya msingi. Nilipomjibu kwamba shida ni ya asubuhi, akasema basi ni hewa ya Molo, huko ni juu, gari linakosa pumzi. Nikamuuliza, hewa ya Molo ya saa 12 asubuhi na ya saa 6 mchana si ni ile ile? Mbona mchana linawaka? Akaenda zake kujibu simu.

Kulikuwa na kijana mmoja pale, mwanafunzi wa ufundi, ovaroli imemzidi ukubwa. Alisema polepole, "Si tulilaze hapa, kesho tulione likiwa baridi?" Akaambiwa alete spana namba 12 na aache maneno mengi. Kijana huyo alikuwa amepata jibu. Ningependa ajue hivyo.

Nilirudi nyumbani nikampigia mzee mmoja jirani, fundi wa trekta za hapa kwetu. Sikuwa nimemwita mapema kwa sababu nilidhani magari ya kompyuta hayawezi. Akaniambia neno moja tu: "Usiliwashe. Nakuja kabla ya jua." Akaja na koti kubwa na tochi, akachomeka kidude kinachozungumza na simu, akafungua swichi bila kupiga stata. Akanionyesha. Hewa inayoingia kwenye injini: nyuzi 9. Maji ya injini: nyuzi 71. Gari lililolala nje usiku kucha! Akasema gari likilala, namba hizo mbili zinatakiwa ziamke pamoja. Kompyuta ilikuwa inaambiwa injini ina moto, kwa hiyo inaipimia petroli ya injini yenye moto, na injini baridi inabaki na njaa. Likishachemka kweli, uongo wa sensa na ukweli vinakaribiana, gari linatulia. Na mashine ya Nakuru haikuona kosa kwa sababu nyuzi 71 si namba ya ajabu. Ni ya ajabu saa 11 na nusu alfajiri tu, na lazima uwepo uione.

Akachomoa waya, akaweka mita kwenye sensa. Alisema kwa nyuzi 20 inatakiwa isome omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 2,000 na kitu, na kwa baridi ile izidi hapo. Ikasoma 400 na kidogo. Sensa mpya shilingi 1,500. Kesho yake gari liliwaka likanguruma lenyewe, sauti juu, kama zamani. Nilisimama uani nikilisikiliza mpaka chai ikapoa.

Furaha ile ndiyo iliyonifanya niwaongezee nyota ya pili. Nikasema labda nawaonea. Breki walinitengenezea mwaka juzi na zimeshika vizuri hadi leo, kule mteremkoni kwa mzigo wangu si jambo dogo. Yule dada wa kupokea wateja ana adabu. Na kijana wa spana.

Lakini hita bado ilikuwa inapuliza baridi. Mzee akapanda gari pamoja nami, simu mkononi, tukaenda hadi Elburgon. Joto la maji halikuvuka 58. Tuliporudi akafungua nyumba ya thamostati, ule mlango mdogo unaozuia maji yasiende rejeta mpaka injini ipate moto, akamulika ndani, akaniita nione mwenyewe. Tupu. Walikuwa wameitoa siku ile ya "mambo ya maji", hawakuniambia, haimo kwenye risiti. Maji yalikuwa yanakimbilia rejeta tangu gari linapowaka, hayasubiri zile nyuzi 82 hivi ambazo mlango wake hufunguka. Huko Molo! Miezi yote hiyo injini yangu haikuwahi kupata moto wake, na petroli nilikuwa naiona inavyoisha.

Nikapiga simu. Mkuu wa mafundi akasema, "Mama, tulitoa kukusaidia, isichemke." Nikamuuliza iko wapi, ni mali yangu. Akasema walishatupa.

Nyota moja, na ni ya yule kijana. Kama mko Nakuru na gari lenu linasumbua asubuhi, lilazeni kwa fundi atakayekubali kuamka nalo. Asiyekubali, chukueni funguo zenu muondoke. Breki zangu zinadai kuangaliwa tena mwezi ujao na bado sijui nitazipeleka wapi. Huko sirudi.